Mwanajeshi akikiuka haki zako Kenya: mwongozo kamili wa kukusanya ushahidi na kufuatilia kesi

Machi 2008 jeshi la Kenya lilipanda Mlima Elgon katika Operesheni Okoa Maisha, kuwasaka wapiganaji wa SLDF, kundi lenye silaha la huko, waliokuwa wameua watu, kuwakata wengine masikio na kuzifukuza familia mashambani mwao. Wanaume na vijana walizolewa vijijini, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa. Waliotoka walisimulia mateso. Wapo ambao hawakuonekana tena. Shirika la IMLU, linalowatetea waathiriwa wa mateso, liliishtaki serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliitupa kesi hiyo. Majaji hawakusema mateso hayakutokea. Walisema mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili ya kufungua shauri, na miezi hiyo ilikuwa imeshapita.

Kwa hiyo mwongozo huu una mambo mengi ya karatasi, tarehe na mihuri, na pengine utakuchosha. Umeandikwa kwa ajili ya jamaa wa mwathiriwa, mzee wa kijiji, au msaidizi wa kisheria aliye mbali na mawakili wa Nairobi. Kazi ya siku chache za mwanzo huwaangukia hao, na wakili atakayekuja baadaye atajenga juu ya walichokihifadhi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jeshi

Mwananchi akiona sare ya madoadoa na bunduki husema "wanajeshi". Anaweza kuwa ameona KDF (jeshi la Kenya), GSU (kikosi maalumu cha polisi), askari wa KWS (shirika la wanyamapori) au hata polisi wa akiba. Kwa mlalamikaji tofauti hiyo ni kubwa. IPOA, mamlaka inayochunguza makosa ya polisi, haina mamlaka juu ya KDF. Ukipeleka huko malalamiko yanayomhusu mwanajeshi utarudishwa, na wakati utakuwa umekwenda.

Usimuulize shahidi "walikuwa jeshi?" maana atakujibu "ndiyo". Muulize alichokiona: kofia ilikuwa ya rangi gani, begani kulikuwa na nini, gari lilikuwa la aina gani na lilitokea upande upi, waliitana vipi, na baada ya hapo walirudi kambi gani. Namba ya gari iandikwe hata kama amekumbuka tarakimu mbili tu. Operesheni nyingi huwa za pamoja, polisi na jeshi, kwa hiyo andika nani alifanya nini: aliyepiga anaweza kuwa wa kikosi kimoja na aliyeendesha lori wa kingine. Ikiwa vikosi vyote viwili vilihusika, nenda IPOA kwa upande wa polisi, na uendelee na njia nyingine zilizo hapa chini kwa upande wa jeshi. Moja haizuii nyingine.

Hatua ya 2: Kama mtu bado anashikiliwa, mengine yasubiri

Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama. Kifungu cha 25 kinataja haki ambazo haziwezi kuwekewa mipaka hata kwa kisingizio cha usalama wa taifa: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na haki ya amri ya habeas corpus, yaani mahakama kuamuru anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uripoti kwamba mtu amechukuliwa, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Wakikataa kuandika, andika wewe: tarehe, saa, jina la afisa wa zamu na maneno aliyosema. Siku hiyo hiyo mpigie wakili, au ofisi ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR), ombi la habeas corpus lipelekwe Mahakama Kuu. Katiba inaruhusu mtu mwingine kufungua shauri kwa niaba ya asiyeweza kufika mwenyewe, haitozi ada ya kufungua ombi la haki za msingi, na inaitaka mahakama ipokee hata ombi lisilofuata taratibu zote za uandishi pale inapobidi. Barua ya kurasa mbili iliyofika mapema ina faida kuliko ombi lililopigwa chapa vizuri likafika wiki tatu baadaye.

Sambamba na hilo, iandikie Wizara ya Ulinzi kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kwa kawaida ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, lakini habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Itaje sheria hiyo ndani ya barua. Wakikaa kimya au wakijificha nyuma ya usalama wa taifa, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, na kimya hicho kiwekwe kwenye faili la kesi.

Hatua ya 3: Mwili ni ushahidi, na hausubiri

Majeraha hupona, na uvimbe wa nyayo za mtu aliyechapwa hupungua baada ya siku chache. Mpeleke hospitali kabla ya kumpeleka kwa mwandishi wa habari. Mwombe daktari aandike kila jeraha lilipo, ukubwa wake na rangi yake, na pia aandike maelezo ya mgonjwa kuhusu lilivyotokea. "Maumivu ya mwili" kwenye kadi hayasaidii mtu. Fomu ya P3, ya ripoti ya majeraha, hutolewa na polisi na kujazwa na daktari. Weka nakala yake, maana ile ya asili ina tabia ya kupotea. Piga picha za majeraha ukiweka rula au sarafu kando yake, na uzirudie baada ya siku mbili tatu, kwani michubuko mingine hujitokeza baadaye.

Kwa ubakaji, saa 72 za kwanza ndizo muhimu, kwanza kwa dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi, kisha kwa sampuli. Mwathiriwa asioge kabla ya uchunguzi, ingawa najua ni jambo gumu kumwambia mtu aliye katika hali hiyo. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufuga unyevu na kuharibu chembechembe. Fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, ijazwe na mtoa huduma za afya. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi, na hospitali ikisema yanangoja, dai kuonana na msimamizi.

Aliyeuawa asizikwe kabla ya uchunguzi wa maiti, na familia iombe mwanapatholojia wake awepo. Itifaki ya Minnesota ya Umoja wa Mataifa inaeleza uchunguzi wa namna hiyo ufanyweje. Mtajie daktari jina hilo ajue kazi yake itapimwa kwa kigezo kipi. Wajir, Garissa au Lamu, ambako maiti huzikwa siku ile ile, najua ushauri huu unagongana na dini. Basi angalau daktari au tabibu auone mwili na kuandika, picha za kila jeraha zipigwe, matundu ya risasi yahesabiwe ya kuingilia na ya kutokea, na kaburi liwekewe alama. Mahakama inaweza baadaye kuamuru mwili ufukuliwe, lakini ufukuaji haurudishi kila kitu.

Hatua ya 4: Maelezo ya mashahidi

Tofauti ya maelezo mabaya na mazuri iko hivi. Mabaya: "Jeshi lilikuja kijijini likatupiga na kuchukua vijana wengi." Mazuri: "Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nakamua ng'ombe. Niliona lori moja la kijani lenye turubai likisimama mbele ya duka. Walishuka watu kama kumi. Mmoja, mrefu, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, alimshika kaka yangu kwenye kola. Nilikuwa umbali wa kama kutoka hapa hadi ule mti. Sikumwona akipigwa, nilisikia akilia wakiwa nyuma ya lori."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoyapa maelezo hayo uzito. Shahidi ametenga alichokiona na alichokisikia. Wakili wa serikali atamhoji kwa saa nzima akitafuta mahali alipotia chumvi; asipopapata, atabaki na maswali ya umbali na mwanga tu.

Mashahidi wahojiwe mmoja mmoja, si barazani chini ya mti ambako wa tatu hurudia maneno ya wa kwanza. Andika kwa lugha aliyoitumia, msomee, arekebishe, atie saini au dole gumba, kisha andika jina la aliyetafsiri kama yupo. Saa ziandikwe pamoja na wakati wa siku, kwa sababu hati ikifika kwa anayeitafsiri kwa Kiingereza, "saa tatu" tupu inaweza kugeuka saa tisa usiku, na hapo shahidi mkweli anaonekana mwongo. Usimhoji mara tano kwa ajili ya mashirika matano. Kila toleo jipya litatofautiana kidogo na la awali, na wote wawili, wewe na yeye, mtaulizwa kwa nini.

Hatua ya 5: Video na picha

Faili la asili libaki kwenye simu iliyolirekodi. Ukilituma kwa WhatsApp hubanwa na kupoteza taarifa za tarehe na mahali, kwa hiyo nakala ya wakili ihamishwe kwa waya au kadi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Mwenye simu ndiye wa kukitia saini, hivyo mjue ni nani, na usilitaje jina lake hadharani. Usiipige picha kambi yenyewe. Hilo linaweza kukufungulia mashtaka wewe.

Baada ya magaidi kushambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, maelezo ya kwanza kutoka jeshini yalikuwa kwamba wanajeshi walichukua maji tu ya kunywa dukani. Kamera za CCTV zilionyesha askari wakitoka na mifuko. Kufikia mwisho wa Oktoba mkuu wa majeshi alitangaza kwamba wawili wamefukuzwa na kufungwa. Ninavyoiona mimi, jeshi huchukua hatua upesi pale picha inapokuwa imeshaonekana na watu wote.

Hatua ya 6: Tengenezeni orodha ya majina

Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilianza kwa kusema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakiri bungeni kuwa ni 380. Walionusurika wanasema ni maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, miaka 29 baadaye, na mabishano ya idadi hayajaisha.

Kwa hiyo andikeni majina: jina kamili, umri, nambari ya kitambulisho, mahali alipoonekana mara ya mwisho, aliyemwona, na jamaa wa kuwasiliana naye. Tengeni waliokufa, waliopotea na waliojeruhiwa. Jina lenye shaka liwekewe alama, lisiingizwe kwa nguvu. Orodha ya watu 40 isiyo na kosa ni bora kuliko ya 400 yenye mtu mmoja atakayeonekana sokoni akinunua sukari.

Hatua ya 7: Mwandikie kamanda, upate muhuri

Hatua hii husahaulika sana. Kenya iliridhia Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), mwaka 2005 na kutunga Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008. Chini ya kanuni hizo kamanda wa kijeshi anawajibika kwa uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu uliotendwa na askari wake ikiwa alijua, au alipaswa kujua, na hakuchukua hatua za kuuzuia au kuufikisha kwa wa kuuchunguza. Ugumu uko kwenye kuthibitisha kwamba alijua.

Barua ndiyo inayothibitisha. Mwandikie kamanda wa kambi, nakala kwa kamishna wa kaunti na Wizara ya Ulinzi, ukitaja tukio, tarehe, mahali na majina ambayo wenyewe wameridhia yatajwe. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao na nyingine irudi na muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa posta ya rejista au barua pepe. Matendo yakiendelea baada ya tarehe hiyo, kamanda hawezi tena kudai hakuwa na habari. Barua ipelekwe na wakili, kanisa, msikiti au shirika, si mama wa mwathiriwa peke yake.

Hatua ya 8: Chagua mlango

Mashtaka ya jinai hupitia polisi na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP), ambaye anaweza kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inatoa kifungo cha hadi miaka 25 kwa mtesaji, na maisha ikiwa mwathiriwa alikufa. Amri ya mkubwa si utetezi. Mwanajeshi anayeambiwa apige mfungwa anapaswa kujua kwamba aliyemwamuru hatakaa kizimbani kwa niaba yake.

Mahakama ya kijeshi ni jambo la kuangalia kwa makini. Kikatiba ni mahakama ya chini kama nyingine, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu, lakini kifungu cha 157 cha Katiba kinamnyima DPP mamlaka ya kuendesha mashtaka humo. Familia haina usukani. Ukisikia askari "ameshughulikiwa kijeshi", uliza kwa barua: kosa gani, lini, hukumu gani? Katiba inakataza mtu kushtakiwa tena kwa kosa ambalo ameshaachiliwa au kuhukumiwa kwalo. Kukutwa na hatia ya utovu wa nidhamu si sawa na kuhukumiwa kwa mateso, ila utahitaji hati mkononi ili kuonyesha tofauti hiyo.

KNCHR hupokea malalamiko bila malipo na inaweza kuwaita maafisa na kudai nyaraka. Ripoti yake haimfungi mtu, ila inakuwa ushahidi mzuri kwenye mlango ufuatao.

Mlango huo ni ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu, na kama ningelazimika kuchagua mmoja ningechagua huu. Unaishtaki serikali kupitia Mwanasheria Mkuu pamoja na Waziri wa Ulinzi na Mkuu wa Majeshi. Huhitaji kujua jina la askari aliyekupiga. Unahitaji kuonyesha kwamba alikuwa wa jeshi na alikuwa kazini. Kiwango cha ushahidi ni cha madai: uwezekano ulioelemea upande wako, si kuondoa kila shaka. Jaji anaweza kutamka kwamba haki ilivunjwa, kutoa amri za kuzuia, na kuagiza fidia.

Ombi hilo pia linaweza kuhoji kama jeshi lilikuwa na ruhusa ya kuwa pale. Kifungu cha 241 cha Katiba kinasema KDF ikitumwa kurejesha amani ndani ya nchi, idhini ya Bunge la Taifa inahitajika. Ikisaidia katika dharura au maafa, Bunge lijulishwe. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, Mahakama Kuu iliruhusu jeshi libaki barabarani lakini ikaiamuru serikali itangaze katika Gazeti Rasmi mipaka na muda wa operesheni hiyo. Tafuta tangazo la operesheni yenu. Lisipokuwepo, hilo ni dai jingine.

Hatua ya 9: Kalenda

Miezi miwili kwa mahakama ya Arusha ya Afrika Mashariki, kuanzia tendo au siku ulipolijua, na kesi ya Mlima Elgon ilionyesha kwamba mahakama hiyo haijipi uwezo wa kuuongeza muda huo. Miezi 12 kwa madai ya kawaida ya madhara dhidi ya serikali. Ombi la kikatiba halina kikomo kilichoandikwa, lakini jaji atauliza ulikuwa wapi, na jibu lako liwe ndani ya hati ya kiapo.

Hatua ya 10: Mashahidi wabaki salama

Majina ya mashahidi yasikae kwenye daftari moja na maelezo yao. Tumieni namba, na ufunguo wa namba ubaki na wakili. Mikutano ya familia isitangazwe kwenye makundi ya simu. Vitisho vikianza, viandikwe OB na ombi lipelekwe kwa Wakala wa Kulinda Mashahidi, kupitia DPP, wakili au shahidi mwenyewe. Mwambieni ukweli kabla hajakubali: ulinzi huo unaweza kumaanisha kuhama nyumbani na kukata mawasiliano. Wapo watakaoona bora wakae kimya, na wasilaumiwe.

Hatua ya 11: Nje ya mipaka

Kwa waliopotea, Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Upoteaji wa Kulazimishwa hupokea taarifa kutoka kwa familia bila malipo, na kina utaratibu wa dharura kwa waliopotea ndani ya miezi mitatu iliyopita. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, hupokea kesi baada ya njia za ndani kuisha au kuonekana zimecheleweshwa kupita kiasi. Mahakama ya Afrika iliyo Arusha haimpokei Mkenya moja kwa moja, kwa sababu Kenya haijatoa tamko la kuruhusu hilo. Usizichanganye mahakama hizo mbili za Arusha. Mahakama ya ICC ni kwa uhalifu mkubwa kabisa, pale nchi inapokataa au kushindwa kuchukua hatua.

Hatua ya 12: Ukishinda, fidia haiji yenyewe

Mali ya serikali haikamatwi na madalali. Baada ya hukumu, siku 21 zikipita, wakili aombe mahakamani cheti cha amri dhidi ya serikali, akipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Katibu wa Wizara ya Ulinzi, ambaye ndiye mwenye jukumu la malipo. Asipolipa, unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha kulipa, na akiikaidi hiyo, unaomba aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Gharama za mizunguko hiyo zikubaliwe na wakili kwa maandishi tangu siku ya kwanza: asilimia yake ngapi, nani analipa nauli za mashahidi, na fedha zitaingia akaunti ya nani.